Mchoro Nilioutia Dira

Naanza na kosa langu, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka chai ipoe. Nilimwambia mtoto wa darasa la saba aongeze dira kwenye mchoro wake. Dira tu, ule mshale mdogo wa kuonyesha kaskazini iko wapi. Nikamwambia aongeze na jina, na fremu, na kipimio, na ufunguo, ile orodha ya alama pembeni inayosema hii ni njia na huu ni mti. Nilimwambia kwa kufoka, kama ninavyofoka hata nikiwa nimefurahi. Mtoto akasema, "Ndiyo, mwalimu," akachukua karatasi yake, akaenda kukaa barazani. Mimi nikaendelea kusahihisha madaftari.

Shule yetu ni ya msingi, iko pwani, si mbali na Mlingotini. Ukisimama mlango wa darasa la saba unaiona mikoko, na siku za maji makubwa harufu ya tope inaingia mpaka ofisini. Mimi ni mtoto wa hapahapa. Kisima alichokuwa akichota mama yangu siku hizi kina chumvi, na uwanja tuliochezea rede bahari imekwishauchukua wote. Nasema haya ili usije ukadhani nilikuwa mgeni nisiyejua kitu. Nilijua. Kila mtu pale kijijini alimjua anayekata mikoko, na kwamba mikoko imekatazwa kukatwa, na kwamba nyumba zetu zote zimeezekwa juu ya boriti zake. Tulijua na tulinyamaza, na maisha yakaenda.

Ukaja mradi. Miradi kwetu huja kama mafua, ukiupona mmoja unasikia mwingine unakupigia hodi. Huu ulileta karatasi za manila, rangi za maji, penseli za rangi ndani ya maboksi ya bati, na barua. Wanafunzi waandike na wachore kuhusu mazingira yao, kazi bora zitundikwe siku ya maonyesho, na mgeni rasmi atakuja kuzitazama. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia wewe ndiye mwenye mazingira, kwa sababu ninafundisha Maarifa ya Jamii na ndani yake mna mito na milima. Nikamwambia mimi sijui kuchora hata kikombe. Akasema hapa hakuna anayejua, akanikabidhi barua, akaenda zake kunywa chai.

Kazi za kwanza, looh! Watoto arobaini na kitu, na wote wameanza na maneno yaleyale: mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka binadamu. Wamechora mlima una theluji juu yake, watoto ambao hata barafu ya kununua wanaiona Idi kwa Idi. Wamechora tembo. Wamechora mwanamume ameshika shoka pembeni ya mti, na juu yake alama kubwa nyekundu ya kukataza. Nikawaka. Nikauliza, nani kati yenu amemwona tembo? Mmoja akanyoosha kidole, akasema yeye amemwona kwenye kanga ya bibi yake. Darasa zima likacheka na mimi nikacheka, lakini hasira haikutoka.

"Chaneni," nikawaambia. "Zote. Nileteeni pale miguu yenu inapokanyaga. Andikeni mnachokiona kwa macho yenu, si cha kitabuni. Atakayeniletea mlima nitamfukuza aende akakae hukohuko mlimani."

Kuna msichana mmoja alikuwa akikaa dawati la nyuma, mrefu kuliko wenzake, sketi yake imeshushwa pindo mara mbili mpaka uzi wa kwanza na wa pili unaonekana. Hakuwa msemaji. Ukimuuliza swali anajibu, tena anajibu sawa, ila usipomuuliza unaweza kumaliza muhula bila kuisikia sauti yake. Huyu hakuwa amechora mlima wala tembo. Yeye mara ya kwanza hakuleta kitu kabisa. Mara ya pili akaniletea karatasi ya manila imekunjwa mara moja, akaiweka mezani kwangu, akarudi kukaa.

Nikaifungua. Ilikuwa ni mikoko, imechorwa kutoka chini, kama mtu aliyechuchumaa kwenye tope anavyoiona. Mizizi imeinama na kujishika, na katikati ya mizizi maji, na kwenye maji rangi ambayo sikujua kama tulipewa rangi hiyo. Baadaye nikajua hatukupewa, aliitengeneza kwa ganda la mkoko lililochemshwa. Upande wa kulia miti inaisha, panabaki visiki. Vingi. Kila kisiki amekichora kivyake, hakuna kinachofanana na kingine. Na huko mbali, mdogo kama kidole, mwanamke ameinama.

Chini yake alikuwa ameandika kwa mwandiko wa penseli:

"Huku ndiko anakofanya kazi mama. Maji yakitoka tunaingia kwa miguu, yakijaa tunatoka kwa mtumbwi. Mama akitaka kukata mti husema bismillahi, kama anachinja kuku. Mkoko ukikatwa maji yake ni mekundu, yanaganda mikononi. Kazi yangu ni kubeba na kuhesabu visiki ili tusipotee. Kaa wadogo hawajui kama miti imekatwa. Maji yakija wanapanda kisiki, wakifika juu wanasimama, halafu maji yanawakuta. Mama anasema tusitazame."

Wallahi nilinyamaza. Mimi, ninayesikika kutoka geti la shule! Mwalimu wa Hisabati akaniuliza kama presha imepanda. Nimefundisha miaka mingi, nimesoma insha za watoto mpaka macho yamekuwa ya miwani, na hakuna hata moja iliyowahi kunifanya nitamani kumpisha aliyeiandika akae kwenye kiti changu. Yule mtoto alikuwa na kitu. Nikaona mbali: nikamwona kidato cha kwanza, nikamwona anaendelea, nikamwona siku moja watu wanamwuliza nani alikufundisha. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kupotea, nilipojiona na mimi nimo kwenye picha.

Sasa sisi walimu tuna ugonjwa. Tukiona kitu kizuri mkono unawasha, lazima tukisahihishe. Nikautazama mchoro tena, nikaona unapendeza lakini, kwa mtu wa somo langu, haujakamilika. Mgeni rasmi atauliza hapa ni wapi, nitamjibu nini? Tumewafundisha tangu darasa la nne kwamba mchoro wa mahali lazima uwe na jina, fremu, ufunguo, kipimio na dira, na ukikosa kimoja unakatwa alama. Niliona aibu kwamba mwanafunzi wangu bora amesahau vyote vitano. Nikamwita.

"Hii kazi nzuri sana," nikamwambia. "Lakini haina kichwa wala miguu. Dira iko wapi? Kipimio kiko wapi? Mtu akishika karatasi hii atajuaje pa kufika?"

Akatazama chini. "Mwalimu, na njia niitie?"

"Itie."

"Mpaka mwisho?"

"Wewe umeona wapi njia imechorwa nusu?"

Akanitazama. Alinitazama kwa muda, na mimi nikadhani ni uvivu, nikadhani mtoto anaona kazi itakuwa nyingi. Leo namfahamu vizuri zaidi. Alikuwa ananipa nafasi. Alikuwa ananiuliza kitu kwa adabu yote aliyofundishwa, mtu mzima nikielewe mwenyewe bila yeye kunifunza. Sikukielewa. Nikamwambia afanye haraka, siku zimebaki chache.

Alifanya kama nilivyomwagiza, na alifanya vizuri mno. Jumamosi alikwenda akapima kwa hatua, kama tulivyowafundisha, akaandika: sentimita moja ni hatua mia. Pembeni akatengeneza ufunguo. Mistari ya nukta, njia ya miguu. Kipande cha buluu, mkondo. Duara dogo, kisiki. Kitumbwi, mahali pa kuficha mtumbwi. Na alama ya mwisho, mwanamke mdogo mwenye kanga nyekundu, na mbele yake neno moja: mama. Nikachukua kalamu yangu nyekundu nikampa hamsini kwa hamsini, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Kamati ya shule ikasema maonyesho yafanyike nje, lijengwe banda. Wazazi wakaombwa miti, kila mwenye uwezo alete anachoweza. Mama yake yule msichana akaja mwenyewe asubuhi na boriti kichwani, akazitua, akarudi kuchukua nyingine. Alikuwa mwanamke mwembamba wa kiasi cha miaka thelathini na kidogo, mume amehamia Tanga na kuoa hukohuko. Zamani alikuwa analima mwani, alikuwa na kamba zake nyingi baharini. Kisha maji yakawa ya moto, mwani ukaanza kugeuka mweupe na kuoza kwenye kamba kabla ya kuvunwa, msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaacha. Akaingia mikokoni na panga, kama walivyoingia wengine.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umejitaabisha."

"Nimechagua zilizonyooka," akasema huku anapangusa tope mikononi. "Mtoto kaniambia kazi yake itatundikwa."

"Itatundikwa mbele kabisa. Njoo uione."

"Ningekuja, mwalimu, lakini siku hiyo maji yanatoka mapema. Wewe nitazamie. Kama kachora vibaya mchape."

Tukacheka wote wawili. Sikumwambia mtoto kachora nini. Nilitaka aje kuambiwa na watu, asikie sifa kwa majirani, afurahi. Hivyo ndivyo nilivyojieleza wakati huo.

Siku ya maonyesho banda lilisimama zuri, limefunikwa makuti mabichi, na kazi za watoto tumezitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba kutoka boriti mpaka boriti. Mgeni rasmi alikuwa bwana wa ofisi inayoshughulika na misitu, mtu mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Akasikiliza ngonjera, akasikiliza risala, akaanza kupita. Kwenye michoro mingine alipita tu. Kwenye ule wa mikoko akasimama. Akavaa miwani, akasoma maandishi yote mpaka mwisho, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikaona shingo yake imetulia kama ya mtu aliyeguswa. Naamini aliguswa kweli. Halafu kidole chake kikaanza kufuata zile nukta.

"Hii ni ramani kabisa," akasema.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajivuna. Nikamwambia mtoto amepima kwa hatua zake mwenyewe. Nikamwonyesha dira. Nikamwambia ukiishika karatasi hii hata ukiwa mgeni huwezi kupotea.

"Naomba niende nayo ofisini," akasema. "Tuitundike. Watu waone watoto wetu wanavyojua mazingira."

Mwalimu mkuu akasema watoto wapige makofi ya kilo. Yakapigwa. Yule msichana alikuwa amesimama mstari wa mbele, mikono nyuma, anatazama viatu vyake. Nikautoa mchoro kwenye vibanio, nikaukunja pole pole nisiuharibu, nikamkabidhi mgeni rasmi kwa mikono miwili.

Haikupita wiki. Walikuja asubuhi na boti, na wengine wakaingia kwa miguu, maji yakiwa yametoka. Hawakuzunguka wala kuuliza mtu. Walimkuta pale palepale, panga mkononi. Wakachukua panga, wakachukua boriti alizokwishakata, wakauburuta na mtumbwi aliouficha, wakampandisha gari. Alikaa mahabusu siku mbili. Siku hizo msichana alikuja shule kama kawaida, akakaa dawati lake la nyuma, na nilipomwita jina kwenye mahudhurio akaitika, "Nipo, mwalimu."

Kijijini ilikuwa ni neno moja tu: nani kasema? Maana ile njia haijulikani. Watu waliozaliwa pale wenyewe wengi hawaijui, ni ya wanawake wachache wanaokata. Na bahati mbaya, siku chache kabla, mama yule alikuwa amegombana na wifi yake, dada wa yule mume wa Tanga, ugomvi wa kuku kuingia jikoni. Wifi alipandisha sauti akasema, "Unajifanya, na mambo yako ya mikokoni tunayajua!" Majirani walisikia. Basi, likawa limekwisha. Hakuna aliyetafuta zaidi; wazazi wachache waliokuja kwenye maonyesho walimwona mgeni akiondoka na picha ya mikoko tu, hawakuisoma.

Nilikwenda ofisi ile. Nilivaa baibui langu jema, nikajipanga maneno njia nzima. Mchoro haukuwa umetundikwa. Ulikuwa juu ya meza, umekandamizwa na kikombe cha chai, na mtu alikuwa ametia vema kwa kalamu ya wino juu ya yule mwanamke mdogo wa kanga nyekundu. Bwana yule akasimama kunipokea.

"Mwalimu, karibu. Umetusaidia sana. Ile njia tulikuwa tunaitafuta siku nyingi."

Nikamwambia sikuja kusifiwa. Nikamwuliza, na kule kwenye mashamba ya chumvi, mikoko iliyong'olewa kwa mashine mpaka mizizi, aliyechora nani? Akasema kule kuna kibali, mwalimu. Nikamwuliza, na lile banda ulilokaa kivulini, unajua boriti zake zilitoka wapi? Akavua miwani, akaifuta, akasema kwa upole uleule, "Mwalimu, usiniambie nisilotaka kuandika." Akaniambia mama yule atatoka kesho kwa onyo, lakini akikutwa tena ni mahakamani. Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Ningekuwa na raha kama ningeweza kumchukia. Lakini hakuwa mwongo, na mikoko inakwisha kweli. Nimekwenda mwenyewe kuitazama ile sehemu ya visiki, na bahari imekwishaingia humo, haina wa kuizuia. Nilisimama pale nikajiuliza nimwombee nani. Nikimwombea mama akate, watoto wangu wa darasa la kwanza watasoma ndani ya maji. Nikiiombea mikoko, mama ale nini? Ninachojua ni kwamba kati ya wote wanaoumaliza msitu ule, aliyelipa ni yule aliyekuwa na mtoto anayejua kuchora.

Alipotoka, hakukaa. Akasema anakwenda Lugoba, ana jamaa yake huko anayegonga kokoto, kazi ipo, mawe hayana askari. Ilikuwa imebaki miezi miwili mtihani wa darasa la saba. Namba ya yule msichana ilikwishaandikishwa kwetu, na mtihani hauhamishiki, mtoto lazima afanyie pale alipoandikishwa. Nikaenda kwao alasiri. Walikuwa wanafunga vyombo ndani ya shuka, na mtoto amesimama mlangoni ameshika ndoo.

"Niachie huyu," nikamwambia mama. "Miezi miwili tu. Akae kwangu, afanye mtihani, kisha nitakuletea mwenyewe."

"Ahsante, mwalimu."

"Au akae kwa shangazi yake. Nyumba ya tatu kutoka shule."

Nilipomtaja wifi yake, uso ulibadilika. "Kwa yule? Yule aliyeniuza? Mwalimu, mimi damu yangu imenitoa kwa serikali. Nani tena nimwamini hapa? Leo nikimwacha mtoto, kesho nitaambiwa nini? Hapana. Naondoka na changu."

Palikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa wazi kama mlango. Ningesema: si wifi yako, ni mimi. Ni mimi niliyemwambia mtoto aitie njia mpaka mwisho. Wewe na wifi yako pataneni, mtoto abaki kwake, afanye mtihani. Maneno yenyewe ni machache. Nilikuwa nayo mdomoni, nayahisi na uzito wake. Mtoto alikuwa ananitazama.

Niliogopa. Sina neno lingine la kuweka pale. Niliogopa mwanamke yule atanigeukia, niliogopa kijiji, niliogopa kuitwa mwalimu aliyemfunga mzazi, na mimi ndiye ninayejulikana kwa mdomo. Nikasema, "Haya, mwanangu. Mungu awatangulie." Nikarudi nyumbani.

Siku ya mtihani meza zilipangwa kwa namba. Yake ilikuwa ya pili kutoka dirishani. Msimamizi akaita jina, akasubiri, akaita tena, akaandika hayupo. Mimi nilikuwa nje, siruhusiwi kuingia, lakini dirisha lilikuwa wazi na sauti ilifika. Ile meza ilikaa na karatasi ya maswali juu yake imegeuzwa kifudifudi, mpaka muda ulipoisha wakaikusanya.

Nilifunga safari ya Lugoba shule zilipofungwa. Nilikuwa nimeazimia. Nilisema nitamwambia mama ukweli, potelea mbali, anitukane, anipige, lakini apatane na wifi yake na mtoto arudi kwa shangazi, tutafute njia nyingine ya kumsomesha. Nilibeba mchele, nguo mbili, na boksi moja la penseli za rangi lililobaki kwenye kabati la mradi, halijafunguliwa. Niliwauliza watu wa pembeni ya barabara, wakanielekeza kwenye machimbo.

Walikuwa wamekaa chini ya kivuli cha turubai, mama na mwana, kila mmoja na nyundo yake na rundo lake. Vumbi limewakaa kichwani, nyusi nyeupe. Mama aliponiona aliitupa nyundo. Alinikumbatia, wallahi, alinikumbatia na vumbi lake lote, akamwita jirani aje amwone mwalimu aliyetoka pwani kuwafuata. Akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Akaniuliza hali za watu, mmoja mmoja, mpaka alipofika pale nilipojua atafika.

"Na yule mwanamke?" akasema, bila kumtaja. "Bado anatembea kifua mbele? Siku akifa nisiambiwe."

Nikaweka kikombe chini. "Nimekuja kwa ajili ya hilo," nikasema. "Yule wifi yako..."

"Mwalimu." Msichana alikuwa amesimama. Sikuwahi kumsikia akikatiza mtu mzima. "Twende nikakuonyeshe kisima. Unawe miguu."

Mama akamkaripia, mtoto gani huyu anamwamrisha mwalimu wake, lakini mimi nilikwishanyanyuka. Tukaenda mpaka nyuma ya rundo la mawe, pasipo na kisima chochote.

"Usimwambie," akasema.

"Shangazi yako hana kosa."

"Najua."

"Nitasema ni mimi. Sitakutaja wewe kabisa."

"Atakuuliza ulijuaje ile njia." Alisema pole pole, kama mtu aliyeipiga hesabu hiyo siku nyingi na kila mara ikatoka jibu lilelile. "Utamwambia ni mchoro. Atakuuliza nani kachora."

Mikono yake ilikuwa imepasuka, na kidole gumba cha kushoto kimefungwa kitambaa.

"Sasa hivi ananipenda," akasema. "Tunalala mkeka mmoja. Ana shangazi wa kumkasirikia. Mwache naye, mwalimu."

Nikalia. Yeye hakulia. Alinishika mkono akanikalisha kwenye jiwe, akasubiri nimalize, kama mimi ndiye mwanafunzi. Kwa kukosa la kufanya nikafungua mkoba, nikatoa lile boksi la penseli na daftari jipya, nikamwekea mapajani. Nikamwambia chora, mwanangu. Chora chochote, hata jiwe. Usiache mkono wako ufe.

Alifungua boksi. Alizitazama zile rangi zote, zimechongwa, hazijaguswa na mtu, na nikaona uso wake unabadilika kidogo. Akatoa penseli ya kijani. Akafungua ukurasa wa kwanza. Kwa ukingo wa boksi akapiga mstari juu, na chini, na pembeni kote kuwili: fremu. Kwenye kona ya juu akachora mshale, akaandika K. Akasimama hapo, penseli juu ya karatasi.

"Nani ataiona, mwalimu?"

"Hakuna mtu," nikasema. "Mimi tu."

Akaitazama penseli. Akairudisha kwenye nafasi yake kati ya buluu na njano, akafunga boksi, akanirudishia kwa mikono miwili, pamoja na daftari. Akasema ahsante, mwalimu. Akasema mama anasubiri, rundo lao lazima liishe kabla gari halijaja.